Walipofukuzwa Kazi Walifungua Mkahawa

Mikahawa ya kisasa inaongezeka katika miji yetu. Watu hukaa humo, hunywa kahawa, hulipa, kisha huenda zao. Ni wachache wanaojiuliza: mkulima wa kahawa hii kapata nini, mhudumu aliyeileta mezani kapata nini, na faida imekwenda kwa nani? Wafanyakazi wa India walilijibu swali hilo kwa vitendo tangu mwaka 1957, nasi twaona yafaa jibu lao lijulikane kwa kila mfanyakazi na kila mwanachama wa ushirika.

Mwaka 1936, India ingali chini ya Waingereza, kamati iliyosimamia ushuru wa kahawa ilifungua mkahawa mjini Bombay. Shabaha yake ilikuwa kuwazoesha wananchi kunywa kahawa inayolimwa nchini mwao. Mikahawa ya namna hiyo ikaenea katika miji mingi, ikawa chini ya Halmashauri ya Kahawa. Lakini katikati ya miaka ya 1950, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, wakubwa wa Halmashauri wakaamua kuifunga. Wapishi, wahudumu na waosha vyombo waliotumikia humo miaka mingi wakaonyeshwa mlango.

Hapo ndipo A. K. Gopalan, kiongozi wa wafanyakazi na mbunge kutoka Kerala, alipowashauri waungane na kuiendesha mikahawa hiyo wenyewe. Chama cha kwanza cha ushirika kiliundwa Bangalore tarehe 19 Agosti, 1957. Tarehe 27 Oktoba mwaka huo huo, mkahawa wa kwanza wa wafanyakazi ukafunguliwa New Delhi. Tarehe 8 Machi, 1958, ukafuata wa Thrissur, katika Kerala. Tangu hapo mikahawa hiyo, iitwayo Indian Coffee House, imeongezeka hata kufika karibu 400. Watu waliohesabiwa kuwa mzigo wameujenga mtandao ambao matajiri wengi wangeuonea fahari.

Kazi hiyo haikufanywa kwa maneno matupu. Kila chama kinajitegemea, na wanachama huchagua kamati ya uongozi kutoka miongoni mwao. Katika Kerala, anayeanza kwa kufagia na kuosha vyombo aweza kupanda ngazi hata kuwa meneja. Bei imewekwa chini, ili mwanafunzi na karani wakae meza moja na wakili. Mhudumu aliyevaa sare nyeupe na kilemba kilichokunjwa kama upepeo anajua kwamba nyumba ikianguka, inamwangukia yeye.

Na nyumba inayomfaa mtu, mtu huitetea. Mkahawa wa College Street, Calcutta, ulipofungwa mwaka 1958, walimu wa chuo kikuu waliipelekea serikali ombi, ukafunguliwa tena mwaka huo huo. Ule wa New Delhi ulibomolewa wakati wa Hali ya Hatari ya miaka 1975 hadi 1977, kwani wenye madaraka hawakupenda mazungumzo ya humo. Wafanyakazi wakahamia jengo jingine, wakawasha moto upya.

Hebu tutazame upande wa pili. Mwaka 1996 kampuni ya Café Coffee Day ilifungua mkahawa wake wa kwanza katika mji ule ule wa Bangalore. Ilikua kwa kasi ya ajabu, ikapita matawi elfu moja, lakini ilikua kwa fedha za mikopo. Mwaka 2019 madeni yakaielemea, na mamia ya matawi yakafungwa. Waliopoteza kazi hawakuwa wameshauriwa mikopo ilipochukuliwa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hatusemi kwamba ushirika hauna kasoro. Baadhi ya mikahawa hiyo imechakaa, na vijana wameikimbilia mingine yenye viti laini. Ule wa New Delhi umewahi kuelemewa na deni la kodi ya nyumba. Cheo cha mwanachama hakimwondolei mtu wajibu wa kuweka hesabu safi na kumpokea mteja kwa heshima. Ushirika wenye viongozi wazembe hufa kama duka la tajiri mzembe.

Sisi si wageni wa jambo hili. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU. Walitambua kwamba mbuni ni wao, ilhali bei hupangwa na mwingine. Hata hivyo, mpaka leo sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa ng'ambo ikiwa mbichi, na faida ya kuikaanga, kuisaga na kuimimina kikombeni hubaki huko huko. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Kwa hiyo twavihimiza vyama vya wafanyakazi na vya wakulima vikae pamoja. Mkulima ana kahawa. Mhudumu ana ujuzi wa meza na jiko. Baina yao hakuna lisilowezekana ila kukosa umoja. Waanze na mkahawa mmoja, wenye hesabu safi na viongozi waliochaguliwa. Haba na haba hujaza kibaba. Wenzetu wa India walianza wakiwa wamefukuzwa kazi. Sisi tusingoje kufukuzwa.