Orodha Moja, Wateja Kumi

Siku hizi wakala wa masoko ya mtandaoni asiye na mfumo wa kutafuta "mapengo ya maudhui" anaonekana kachelewa. Imani iliyoenea ni kwamba ukiingiza tovuti ya mteja na za washindani wake kwenye zana kama Ahrefs au Semrush, ukachuja maneno yanayowaleta wao juu kwenye Google huku yeye hayupo, tayari una mpango wa kazi wa nusu mwaka. Na kwa kuwa hesabu hiyo hufanywa na programu, mteja wa kumi atahudumiwa kwa gharama ndogo kuliko wa kwanza. Raha iliyoje!

Napinga. Hiyo ni hesabu ya kutoa tu, na kinachobaki mwishoni ni mambo ambayo wengine wameshayasema. Mteja analipa ili awe wa mwisho kuyarudia.

Chukua kampuni za Arusha na Moshi zinazopandisha watalii Kilimanjaro. Orodha utaijua kabla mfumo haujaitoa: njia ya Machame au ya Lemosho, gharama za kupanda, msimu mzuri, vifaa vya kubeba, ugonjwa wa mwinuko. Kurasa hizo zimejaa mtandaoni, na zinafanana mpaka kwenye zile mita 5,895 za aya ya kwanza. Wakala mwenye wateja watatu wa Kilimanjaro anawauzia wote watatu orodha hiyohiyo, kila mmoja akiambiwa ndilo pengo lake.

Sasa kumbuka Machi 2025. Serikali ya Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza, isipokuwa kwa mambo machache, bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangazwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mgeni aliyekuwa amesoma kila mahali kwamba abebe dola, tena noti mpya, akabaki na maswali. Dola zangu nizibadilishe wapi? Wapagazi niwape bakshishi ya fedha gani? Salio la safari nililipe vipi nikifika? Hilo ndilo lilikuwa pengo. Mfumo usingeweza kuliona, kwa sababu washindani nao walikuwa hawajaandika kitu, na makadirio ya zana hizi hutokana na utafutaji wa miezi iliyopita. Aliyeliona mapema ni dada wa ofisini anayejibu WhatsApp za wageni, ambaye hakuna wakala anayemuuliza chochote. Google yenyewe imesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya maswali inayopokea kila siku haijawahi kuyaona kabla.

Kwa Kiswahili mambo ni mabaya zaidi. Ingiza swali la kawaida la mkulima wa mahindi kwenye zana hizi, mara nyingi utaletewa sifuri. Wakala anaisoma sifuri hiyo kama ushahidi kwamba hakuna anayeuliza, kisha anamrudisha mteja kwenye maneno ya Kiingereza yanayogombewa na dunia nzima.

Nitaambiwa kwamba mtu mmoja hawezi kuhudumia wateja kumi kwa mkono. Kweli, na sina ugomvi na mashine inayofanya kazi ya kuchosha. Ivute takwimu za Search Console ya Google za kila mteja, ambazo huhifadhiwa kwa miezi 16, ionyeshe kurasa zinazotokea sana bila kubofywa. Hizo angalau ni habari za mteja mwenyewe. Tatizo ni kwamba mnyororo hauishii hapo. Orodha ikitoka, programu nyingine inaandika makala, nyingine inazipandisha kwenye tovuti, na hakuna binadamu aliyezisoma. Machi 2024 Google iliweka wazi kwenye kanuni zake kwamba kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kupanda kwenye matokeo, bila kumsaidia msomaji, ni taka, ziwe zimeandikwa na mashine au na mtu. Adhabu ikija inamwangukia mwenye tovuti. Wakala anabaki na wengine tisa.

Kwa hiyo wenye kampuni, kabla ya kusaini mkataba, muulizeni wakala ni lini alikaa na mtu anayepokea simu zenu. Akianza kufungua dashibodi, mwombeni awaonyeshe na orodha aliyompa mshindani wenu.