Kabla ya Programu, Nunua Daftari

Mteja mmoja hapa Nairobi, mwenye karakana ya fanicha, aliniita nimtengenezee programu ya kompyuta ya usalama kazini. Fundi wake alikuwa amekatwa vidole viwili na msumeno wa umeme. Nilipowauliza wenzake, wakaniambia kinga ya ule msumeno ilikuwa imelegea kwa wiki tatu. Mbona hamkusema? Wakatazamana. Aliyesema mara ya mwisho alikatwa mshahara eti ameharibu mashine.

Sasa niambie, msomaji, hapo kompyuta itasaidia nini?

Sisi tunaoandika programu huwa na orodha ya makosa. Anayegundua kosa hushukuriwa, hata kama ni yeye aliyelifanya (haya, si kila ofisi!), na kila kosa hupewa mtu wa kulirekebisha. Nikamshauri mteja anunue daftari, aliweke karibu na mlango, kila aliyeponea chupuchupu aandike, na mshahara wa mtu usiguswe. Kila Ijumaa asome mbele ya wote yaliyorekebishwa na yaliyobaki.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aunde kamati ya usalama. Huyu ana zaidi ya 30, kwa hivyo kamati ni lazima. Lakini kamati isiyoletewa habari itajadili nini? Itakunywa chai tu.

Kazi ya programu nikaikosa, na pesa zake pia. Daftari limefika ukurasa wa tisa. Mstari wa kwanza uliandikwa na kijana wa kufagia: waya uko wazi chini ya meza ya randa.