Wimbo Haukati Hadithi

Jioni moja ya mvua hapa kwetu Maisaka, Tanzania, niliwaita majirani tuangalie picha ya mwaka 1932, Love Me Tonight. Hata haijakolea, maneno yakaanza. Nayajibu hapa kwa sababu vichekesho vya nyimbo vya Hollywood ya zamani navipenda kwa dhati, na inaniuma kuona vinahukumiwa na watu ambao hawajaviona.

“Nyimbo zinakata hadithi. Mtu anaongea vizuri, mara kaanza kuimba.”

Hili ndilo kubwa, na kutoka kinywani mwa Mtanzania linanishangaza. Wazee wetu walijaza kumbi za sinema za Dar es Salaam na Majestic ya Unguja kwa ajili ya picha za Kihindi. Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, ilipendwa mno, na watu waliokuwa hawajui Kihindi walitoka ukumbini nyimbo zake ziko mdomoni. Hawakulalamika kwamba zimekata hadithi.

Sasa tazama Love Me Tonight inavyoanza mikononi mwa mwongozaji Rouben Mamoulian. Ni alfajiri Paris, mtaa mtupu. Anakuja kibarua na sururu, anaanza kuchimba: ko, ko. Pembeni mtu anakoroma. Mama anatoka na fagio. Mafundi viatu wanagonga misumari, huyu akipandisha nyundo yule anashusha. Kila sauti inaingia kwa zamu mpaka mtaa wote umekuwa ngoma, na hakuna aliyeshika ngoma. Mimi huamshwa na fagio la jirani uani, kisha mashine ya kusaga, kisha pikipiki inayogoma kuwaka. Mtaa huo wa Paris niliutambua mara moja.

Halafu fundi cherehani, Maurice Chevalier, anaimba dukani kwake. Mteja anaondoka na wimbo huo, dereva wa teksi anaudaka, abiria wake ambaye ni mtunzi anauandika, unapanda treni pamoja na wanajeshi, wanajeshi wanauimba wakiwa kwenye gwaride porini, mpiga fidla anausikia na kuupeleka kwao, na mwisho unamfikia binti wa kifalme, Jeanette MacDonald, amesimama roshani. Wawili hawa hawajaonana bado. Wimbo ndio uliopita katikati yao kama mshenga. Uondoe, uone kama kuna hadithi inayobaki.

“Watu weusi hawamo, na wakiwamo wanatukanwa.”

Hapa nakubali zaidi ya nusu. Road to Zanzibar ya mwaka 1941, ya Bing Crosby na Bob Hope, imebeba jina la visiwa vyetu, lakini Waafrika wake ni wala watu wa kubuniwa Hollywood. Ni tusi, na sitalipamba.

Ila miaka miwili baadaye ikaja Stormy Weather, ambayo wahusika wake wakuu wote ni weusi. Mle ndani ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanashuka ngazi kubwa mbele ya bendi ya Cab Calloway. Mmoja anaruka juu ya kichwa cha mwenzake na kutua kwa msamba kwenye ngazi ya chini, kisha mwenzake naye anamruka hivyo hivyo, zamu kwa zamu mpaka chini kabisa. Tazama mikono yao. Wanainuka kutoka kwenye msamba bila kugusa sakafu.

Katika picha hiyo hiyo yumo Lena Horne. Katika picha zake nyingine, kampuni ya MGM ilikuwa na desturi ya kumpa wimbo wake kando, mbali na mwenendo wa hadithi, ili kumbi za kusini mwa Marekani zisizotaka kumwona ziweze kumkata bila picha kuharibika. Kwa hiyo anayeniambia wimbo ni kitu cha kukatwa tu, ajue kuna watu waliokaa wakapanga uweze kukatwa, na ajue walichokuwa wakikikata.

“Ni raha tupu, hakuna maisha.”

It's Always Fair Weather, 1955. Wanajeshi watatu wanaachana vita vinapoisha na kuapa kukutana baada ya miaka kumi. Wanakutana kweli. Wanakaa mezani, hawana la kuzungumza, na kila mmoja anaimba moyoni kwamba wenzake wanamchosha na heri asingekuja. Aliyewahi kukutana na rafiki wa shule baada ya miaka mingi, simu mkononi, macho mlangoni, anaijua meza hiyo. Ni kichekesho, na kinauma.

“Zimezeeka, watoto hawataki.” Watoto wa majirani walinifanya nirudie ngazi za ndugu Nicholas mara nne, kisha wakaenda kujaribu msamba barazani.

“Steringi gani huyu, hapigani hata ngumi moja?”

Hili lilisemwa na kijana aliyezoea kibanda umiza. Aliyemjibu si mimi, ni jirani yangu fundi cherehani. Kwenye Love Me Tonight, yule fundi, Chevalier, amefikia katika ngome ya akina binti wa kifalme, wanadhani ni mtu wa ukoo bora. Anaweza kukaa kimya na kula vyao. Lakini analiona vazi la binti la kupandia farasi, limeshonwa ovyo, na mkono unamwasha. Anaomba nafasi ya kulishona upya, na analishona. Kazi yenyewe inatoa siri yake, na ngome nzima inapokezana wimbo kwa mshtuko, kuanzia mabwana hadi jikoni: kumbe ni fundi nguo!

Jirani yangu alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema nirudishe nyuma kidogo, nisimamishe pale binti anapotoka na vazi jipya. Akasogea hadi karibu na kioo, akaweka kidole begani mwa lile koti, akalitazama kwa muda mrefu.

“Bega limekaa,” akasema. “Endelea.”