Utungo wa Beethoven uliowashinda wasikilizaji

Ukiwaandalia wageni vyakula sita, viwili wakaomba waongezewe lakini cha mwisho wakakisukuma kando, utafanyaje?

Swali kama hilo lilimkabili mtunzi mashuhuri wa muziki, Mjerumani Ludwig van Beethoven, jijini Vienna, Austria, mnamo Machi 21, 1826. Siku hiyo kundi la Ignaz Schuppanzigh lilicheza kwa mara ya kwanza kwateti yake mpya, yaani utungo wa ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo. Ulikuwa na sehemu sita.

Beethoven, ambaye tayari alikuwa kiziwi, hakuhudhuria. Inasimuliwa kwamba alingojea habari katika baa iliyokuwa karibu.

Habari zenyewe zilikuwa tamu na chungu. Sehemu mbili nyepesi zilishangiliwa hadi zikarudiwa. Lakini ya mwisho, Grosse Fuge, iliwashinda watu. Huchukua kama robo saa, na ala zote nne huvutana mithili ya watu wanaobishana bila kupeana nafasi. Mhakiki mmoja aliandika kuwa haikueleweka, ni kama Kichina.

Yasemekana Beethoven alifoka: mbona hawakuomba hiyo ndiyo irudiwe?

Mchapishaji wake, Matthias Artaria, alihofia nakala zingekosa wanunuzi. Akapendekeza utungwe mwisho mwingine kwa malipo ya ziada, na ile sehemu ngumu ichapishwe peke yake. Ajabu ni kwamba Beethoven, aliyejulikana kwa ukaidi, alikubali! Mwisho huo mpya, alioutunga kufikia Novemba 1826, ndiyo kazi ya mwisho aliyoikamilisha. Alifariki Machi 26, 1827, akiwa na umri wa miaka 56.

Je, alikuwa ameshindwa? La hasha. Siku hizi makundi mengi huirudisha Grosse Fuge mahali pake pa awali. Igor Stravinsky, mtunzi wa karne ya 20, aliisifu kuwa muziki usiopitwa na wakati. Nayo sehemu ya tano, Cavatina, imo katika rekodi iliyobebwa na vyombo vya Voyager ambavyo Marekani ilirusha angani 1977.

Kwa hivyo, mwanafunzi, insha yako ikirudishwa imejaa wino mwekundu, andika nyingine jinsi mwalimu anavyotaka. Lakini ile ya kwanza usiitupe.