Mkimsifu kocha wa mtaani, mlipeni pia

Kama umewahi kucheza mpira wa vikapu kwenye ringi isiyo na wavu, basi huyu mtu ninayetaka kumzungumzia unamjua. Labda kwenu alikuwa mwalimu wa hesabu, au polisi aliyestaafu. Kwetu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma.

Kwetu ni Bukura, kaunti ya Kakamega. Ni soko dogo, mashamba ya miwa, na chuo cha kilimo ambacho ndicho kilifanya jina hilo lisikike hata Nairobi. Ukisema unatoka Bukura, mtu atakuuliza habari za mbegu na ng'ombe wa maziwa. Hakuna atakayekuuliza habari za vikapu. Ringi yetu kocha aliikunja mwenyewe kutoka kwa chuma cha nondo, akaichomelea kwenye paipu, akapima kimo kwa kamba aliyoifunga fundo penye mita 3.05. Hicho ndicho kimo cha NBA, na alisisitiza jambo hilo kama mchungaji. "Mkienda kucheza kwa watu msiseme eti ringi imehamishwa," alituambia.

Tatizo lilikuwa mvua. Mtu wa Kakamega anaijua mvua ya alasiri. Inakuja saa tisa, saa kumi, ule ule wakati wa mazoezi, siku nyingine na mawe juu. Kiwanja chetu kilikuwa cha udongo, na mpira ukiudunda kwenye tope haurudi, unabaki hapo chini kama andazi. Kwa hivyo msimu wa mvua kocha alipiga marufuku kudunda kabisa. Ilikuwa ni pasi tu, pasi na kukimbia. Tulinung'unika wiki nzima. Halafu tukaenda mechi mjini Kakamega dhidi ya vijana wenye uwanja wa saruji, na wakashindwa kuelewa mpira wetu unapita wapi. Tulifungwa, sitakudanganya, lakini tulifungwa kwa heshima.

Lakini mpira ulikuwa nusu tu ya kazi yake. Mwisho wa muhula kila mtu alileta ripoti ya shule kabla ya kugusa mpira. Wasichana walitoka mazoezini mapema, na hakulala bila kujua kwamba kila mmoja amefika kwao. Mwenzetu mmoja alipofukuzwa kwa sababu ya karo, kocha alifunga karakana, akapanda boda, akaenda kuketi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu hadi akasikizwa. Na kukiwa na matanga kijijini, timu ndiyo iliyobeba viti na kuchota maji. Wazazi waliokuwa wakisema vikapu ni mchezo wa watu wasio na kazi walinyamaza kwa sababu ya hayo matanga, si kwa sababu ya ushindi wetu. Ushindi wenyewe ulikuwa wa kuhesabu.

Sasa nakuona unavyotaka kuandika: "Heko kocha, Mungu akubariki, una moyo wa kujitolea." Hapo ndipo ninapokosana na wewe kidogo.

Hili neno kujitolea linatusaidia sisi, halimsaidii yeye. Kila jioni aliyokaa kiwanjani, kuna geti la mtu ambalo halikuchomelewa na kuna pesa ambazo hazikuingia nyumbani. Nauli ya mechi ilitoka mfukoni mwake. Filimbi ilitoka mfukoni mwake. Mke wake alikuwa akitupa uji na kututazama kwa jicho ambalo leo, nikiwa na kodi ya nyumba ya kulipa, nalielewa vizuri sana.

Umesikia habari za Brother Colm O'Connell, yule Mwairishi wa Iten? Alifika St Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, hakuwa na elimu ya riadha, na akaishia kumnoa David Rudisha aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1:40.91 pale London 2012. Tunapenda kusimulia hadithi hiyo kama muujiza. Mimi naiona kwa jicho la fundi wa Bukura. Brother Colm alikuwa na shule iliyompa kazi, na shirika la watawa nyuma yake. Hakuhitaji kuchagua kati ya unga na mazoezi. Kipaji chake ni kikubwa, simpunguzii, lakini alipata nafasi ya kukaa mahali pamoja muda mrefu. Hilo ndilo makocha wetu wanakosa.

Na usiniambie shule zitafanya. Butere Girls haiko mbali na Bukura, na ni jina zito katika vikapu vya shule. Safi. Je, msichana ambaye hakupata nafasi huko? Je, kijana aliyemaliza Kidato cha Nne na anashinda sokoni akingoja bahati? Kuanzia 2026 Sekondari Pevu ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, jambo zuri, lakini mtoto hawezi kuchagua mkondo wa mchezo ambao hakuwahi kuuona.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema michezo na viwanja vyake ni kazi ya kaunti. Kakamega tumeona pesa zikienda Bukhungu, na sioni ubaya, uwanja ni wetu. Lakini uwanja haumfuati mtoto nyumbani kuuliza kwa nini hajaja mazoezini.

Utaniuliza, pesa za kulipa makocha wote zitoke wapi? Kumbuka wahudumu wa afya ya jamii. Kwa miaka wengi wao walizunguka nyumba kwa nyumba wakisifiwa kwa kujitolea, hadi 2023 serikali ilipowapa vifaa na marupurupu ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni kidogo, na wengi wamelalamika kwamba zinachelewa. Lakini sasa wako kwenye orodha, na mtu akiwa kwenye orodha anaweza kudai. Kocha mmoja au wawili kwa kila wadi haiwezi kumaliza bajeti ya kaunti yoyote.

Kuna sababu nyingine, na hii hatupendi kuisema. Kocha wa kujitolea hana mkataba, hana msimamizi, na kijiji kizima kinamshukuru kiasi kwamba hakuna anayethubutu kumuuliza kitu. Wetu alikuwa mtu safi. Wa kwenu je? Mtu anayeshinda na watoto wa watu anafaa kuwa na cheti cha maadili mema kutoka DCI, na wazazi wawe na mahali pa kupeleka malalamishi. Kocha asiye na la kuficha atafurahi kupata karatasi hizo, na ukimlipa mtu unapata haki ya kumdai hizo karatasi.

Mwanasiasa akija kwenu kuomba kura akiwa na jezi za bure zenye picha yake, muulize kuhusu kocha. Jezi huchakaa kabla ya ligi kuisha. Na wewe uliyetoka kijijini na sasa una kazi, usingoje kaunti. Tulianza sita kutoka ile timu, kila mmoja anatuma kidogo kila mwezi, na hatutangazi popote isipokuwa hapa. Vikapu vya watatu kwa watatu, vilivyoingia Olimpiki kule Tokyo, vinataka ringi moja na nusu ya kiwanja. Saruji ya hapo inanunulika.

Nilimpigia simu juzi kumwambia kwamba naandika haya. Alicheka, akasema sawa, ila nisisahau kuwaambia watu kwamba mpira wa wavulana ni saizi saba na wa wasichana ni saizi sita, maana kila mtu humletea wowote aliouokota dukani.