Mpira Ukigusa Ringi: Kanuni Mbili, Lawama kwa Mwamuzi Mmoja

MTAZAMAJI aliyezoea michezo ya ligi ya Marekani, NBA, akiketi kutazama Ligi ya Mpira wa Kikapu ya Afrika (BAL), anaweza kuona jambo ambalo kwake ni kosa la wazi. Mpira umegonga ringi, ungali unazunguka juu yake, mlinzi anaruka na kuupiga ukaanguka nje, na mwamuzi hapulizi filimbi.

Kabla ya kumtupia mwamuzi lawama, ni vyema ikaeleweka kwamba yuko sahihi. BAL, iliyoanza mjini Kigali Mei 2021 kwa ubia wa NBA na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Kikapu (FIBA), huchezwa kwa kanuni za FIBA, ambazo katika jambo hili haziafikiani na zile za NBA.

Kwa mujibu wa FIBA, mpira uliotupwa kikapuni hauguswi ukiwa wote juu ya usawa wa ringi, iliyo mita 3.05 kutoka sakafuni, endapo umeanza kushuka au umekwisha kugonga ubao. Marufuku hayo hukoma mara mpira unapogusa ringi, au unapokuwa hauna tena uwezekano wa kuingia. Kuanzia hapo mlinzi anaweza kuufagia, na mshambuliaji anaweza kuusukuma uingie.

Katika NBA, mguso wa ringi haufungui mlango huo. Huko huchukuliwa kwamba ipo nguzo ya kufikirika inayopanda juu kutoka kwenye ringi, na mradi mpira uko ndani ya nguzo hiyo, haruhusiwi mtu kuugusa.

Hata hivyo, uhuru wa FIBA una mipaka yake. Mpira ukiwa umegusana na ringi, mchezaji anayegusa kikapu au ubao ametenda kosa. Vivyo hivyo anayepenyeza mkono kikapuni kutoka chini akaugusa, au anayeitikisa ringi kiasi kwamba, kwa maoni ya mwamuzi, mpira umezuiwa kuingia. Aidha, robo ikimalizika mpira ukiwa hewani, kisha ukagonga ringi na kuruka, hakuna anayeruhusiwa kuugusa maadamu bado unaweza kuingia.

Adhabu yake si ndogo. Mlinzi akitenda kosa, wapinzani hupewa pointi kana kwamba mpira umeingia; mshambuliaji akitenda kosa, pointi hazihesabiwi na mpira huenda kwa wapinzani.

Marufuku haya yalianza katika vyuo vya Marekani mwaka 1944, kwa sababu wachezaji warefu kama Bob Kurland na George Mikan walikuwa wakisimama karibu na kikapu na kuiondoa mipira iliyokuwa ikielekea kuingia. Kusudio lilikuwa kumlinda mtupaji, na katika hilo hakuna ubishi. Ubishi uko katika swali moja tu: alindwe hadi lini?

Kwa maoni yangu, FIBA imetoa jibu lililo bora kwa waamuzi, maana mguso wa ringi ni jambo linaloonekana kwa macho. Kuamua iwapo ukingo wa mpira ulikuwa ndani au nje ya nguzo isiyokuwepo ni kazi ngumu zaidi, hasa katika viwanja visivyo na kamera. Gharama yake ni kwamba mtupaji hupoteza bahati ya mpira kudunda na kuingia, na mchezaji mrefu hufaidika. Mtu wa kimo cha Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika usajili wa wachezaji wapya wa NBA mwaka 2009, ana eneo kubwa zaidi la kutawala chini ya FIBA.

Lakini isidhaniwe kwamba kanuni hiyo humaliza matatizo yote. Machi 19, 2015, katika mashindano ya vyuo vya Marekani, SMU ilikuwa ikiongoza kwa pointi mbili zikiwa zimesalia sekunde 13. Bryce Alford wa UCLA alitupa mpira wa pointi tatu, na Yanick Moreira wa SMU akaugusa kabla haujafika kwenye ringi. Waamuzi wakaamua kwamba ni kosa, UCLA ikashinda 60-59, na mjadala ukazuka iwapo mpira ule ungeweza kuingia kabisa. Swali hilo lingeulizwa hata chini ya FIBA.

Februari 7, 2020, Rudy Gobert wa Utah Jazz aliupiga mpira wa Damian Lillard wa Portland uliokwisha kugonga ubao. Kikapu hicho kingesawazisha sekunde za mwisho, lakini filimbi haikulia. Kwa kuwa hakukuwa na uamuzi uliotolewa uwanjani, video haikuweza kutumika, na Jazz wakashinda 117-114. Baadaye waamuzi walikiri kwamba lilikuwa kosa.

Funzo ni kwamba kanuni njema hupunguza eneo la kukisia, lakini haiwezi kuliondoa. Makocha wa vijana wetu, ambao wengi wao huiga wanayoyaona katika NBA, hawana budi kuwafundisha kanuni wanayochezea: mpira ukigusa ringi, ruka. Anayesubiri filimbi isiyokuja atakuwa amewaachia wapinzani kikapu ambacho kanuni ilimruhusu kukizuia.