Pasi Ndefu Mbele ya Masufuria Yaliyojaa

Kila mwanachuo anajua maana ya pasi ndefu. Unakunywa chai na chapati saa nne asubuhi, mchana unajifanya uko bize maktaba, halafu saa moja usiku ndiyo unaugusa wali maharage. Muhula uliopita bumu lilipochelewa, watu wa korido yetu tulipiga pasi ndefu siku kumi na moja mfululizo. Wenye wazazi wa kuwapigia simu walipiga. Wengine tulikopa, na wengine walilala tu mapema.

Kilichonikera hasa si njaa. Siku zote hizo kafeteria ilikuwa wazi na masufuria yamejaa. Jioni moja nilimkuta mama ntilie wa getini anamwaga wali uliobaki, analalamika wateja wamepotea. Chakula kilikuwepo, mpishi alikuwepo, wenye njaa tulikuwepo. Ilikosekana elfu mbili tu ya kutukutanisha.

Tukisikia usalama wa chakula, akili zetu hukimbilia jembe, mbolea na mvua. Hivyo vyote ni muhimu, sibishi. Ila naona tunasahau nusu ya pili ya hesabu: mtu anafaje njaa wakati chakula kipo? Na kwa nini msaada, hata unapokuja, huja watu wameshaumia?

Mchumi wa India, Amartya Sen, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, alilichimba swali la kwanza katika kitabu chake Poverty and Famines cha mwaka 1981. Alichunguza njaa ya Bengal ya mwaka 1943, ambayo inakadiriwa kuua watu milioni mbili hadi tatu. Kwa hesabu zake, chakula kilichopatikana Bengal mwaka ule kilizidi kile cha mwaka 1941, na mwaka 1941 hakukuwa na njaa. Kilichotokea ni kwamba matumizi ya vita yalipandisha bei ya mchele, huku ujira wa kibarua wa shambani na kipato cha mvuvi vikibaki nyuma. Mchele ulikuwepo sokoni, ila haukuwa wao tena. Wapo wasomi wanaobishana na takwimu zake za mavuno, lakini hoja yake kuu imesimama: ukitaka kujua nani atakufa njaa, usiangalie ghala peke yake, angalia na mfuko wa mtu.

Swali la pili lina jibu chungu zaidi, na liko karibu nasi. Mwishoni mwa mwaka 2010 mvua za vuli zilikwama Somalia, na mwaka 2011 za masika nazo zikawa hafifu. Wataalamu walianza kutoa tahadhari tangu mwaka 2010. Dunia ikasubiri. Umoja wa Mataifa ulitangaza rasmi baa la njaa tarehe 20 Julai 2011, na hapo ndipo fedha zikaanza kumiminika. Utafiti wa baadaye ulikadiria kuwa watu wapatao 258,000 walikufa, zaidi ya nusu yao watoto chini ya miaka mitano, na wengi walikuwa wameshazikwa kabla ya tangazo lile. Tuseme ukweli wote: kulikuwa na vita, al-Shabaab walizuia mashirika ya misaada, na bei ya nafaka ilikuwa juu. Lakini mwaka 2017 ukame mkali ulipoirudia Somalia, misaada ilianza mapema na nyingi yake ikatolewa kama fedha mkononi, na baa la njaa likaepukwa. Vita havikuwa vimekwisha. Tofauti kubwa ilikuwa ni nani aliamua, na aliamua lini.

Ndiyo maana napenda mfano wa majirani zetu wa Kenya. Katika kaunti za kaskazini kama Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango wa serikali wa kuzilipa kaya maskini fedha za kujikimu. Kaya zipatazo 100,000 zimekuwa zikilipwa kwa kawaida. Ujanja uko hapa: kaya nyingine nyingi zilisajiliwa na kufunguliwa akaunti za benki wakati hakuna shida yoyote. Picha za satelaiti hupima hali ya malisho. Ikishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, fedha huenda na kwenye akaunti za kaya hizo. Mpango huo umewahi kulalamikiwa kwa malipo kuchelewa, kwa hiyo si malaika. Ila ubishi wa nani apewe, lini na kwa njia gani umemalizwa mapema, watu wakiwa wametulia.

Sisi Tanzania tuna vipande vyote viwili mkononi. Tuna Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wenye maghala kuanzia Sumbawanga, Songea na Makambako hadi Shinyanga na Arusha. Tuna TASAF na mpango wake wa kunusuru kaya maskini. Lakini tunapojadili njaa, utasikia tani, tani, tani. Mkulima anayeuza gunia la mahindi mwezi wa saba kwa sababu ada ya mtoto haisubiri, kisha akalinunua mwezi wa kwanza kwa bei ya kuruka, hasaidiwi na tani zilizoko Makambako mpaka kuwe na njia ya kumfikia: mahindi ya bei nafuu yanayofika wilayani kwake mapema, au fedha inayoingia kabla hajauza mbuzi wa mwisho. Ghala na mfuko vinatakiwa vifanye kazi pamoja, kwa kanuni iliyoandikwa kabla ya ukame.

Sasa turudi koridoni kwetu, maana ni rahisi kuihubiria serikali. Kuchelewa kwa bumu ni dharura inayotabirika. Haina hata haja ya satelaiti! Kwa nini kila mara inatukuta hatuna mpango?

Napendekeza serikali ya wanafunzi ianzishe mfuko wa chakula wa dharura. Kila mwanafunzi achangie 1,000 kwa muhula. Tukiwa 10,000, hiyo ni milioni kumi, yaani sahani 5,000 za elfu mbili. Haitatulisha wote mwezi mzima, na haitakiwi. Inatakiwa kumbeba yule ambaye hana pa kupiga simu. Kanuni ziandikwe sasa: bumu likichelewa siku tano, mfuko unafunguka wenyewe, bila kikao, bila barua. Asiye na mkopo kabisa, aliyefiwa au aliyekatiwa matumizi nyumbani, naye awe na mlango wake hata kama bumu limetoka kwa wakati.

Msaada utoke kwa kuponi inayopokelewa kafeteria na kwa mama ntilie waliosajiliwa, ili wali usimwagwe na daftari la madeni lisimfilisi mtu. Na kuponi iende kimyakimya kwa namba ya usajili. Tukianza kupanga foleni ya wenye njaa mbele ya ofisi, wanaoumia zaidi ndio hawatatokea. Nawajua. Wanasema wamefunga.

Najua swali linalokuja: nani atalinda hizo hela? Swali halali, tumeshaona michango ikiyeyuka. Basi hesabu zibandikwe ubaoni kila mwezi, kiasi kilichoingia na sahani zilizotoka, na watia saini wasiwe viongozi peke yao. Wengine watasema dawa ni bumu kutoka kwa wakati. Kweli kabisa, na tuendelee kulidai. Ila huwezi kumwambia mtu mwenye mtihani kesho saa mbili asubuhi kwamba ashibe madai.

Muhula huu bumu limeingia vizuri, watu wanakula chipsi kuku na hakuna anayetaka habari hizi. Huu ndio wakati wenyewe. Bunge la wanafunzi halijapitisha bajeti. Mtafute mbunge wa kitivo chako wiki hii, umuulize kama mfuko huu umo. Akikwambia hoja hiyo isubiri mpaka tatizo litokee, mkumbushe zile siku kumi na moja.